Ree ya Kopa kwa Garasa

Mimi ni mtu wa breki. Nikitaka kuvuka barabara pale Lushoto mjini, pikipiki iliyo bado kwenye kona za Magamba naisubiri ipite. Kabichi zangu nauza baada ya kijiji kizima kuuza, kwa sababu kila bei ninayotajiwa naona kesho itapanda, na kesho ikishuka nahamishia matumaini keshokutwa. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba katika mashindano ya karata ya Nane Nane nitashambulia tangu karata ya kwanza, shemeji yangu, ambaye ndiye mwenzangu wa karata kwa miaka mingi, alinyamaza kidogo, kisha akanigusa paji la uso kwa kiganja.

"Shemeji, juzi ulishuka Mombo?"

Maana huku Kwai baridi ni kali, na malaria mtu huifuata bondeni.

Sikuwa na homa. Nilikuwa na mpwa. Kijana wa dada yangu anasoma chuo Dar es Salaam, akaja likizo mwezi wa saba amevaa fulana, na siku tatu za kwanza alizimalizia ndani ya blanketi huku akiuliza kama jua huwa linafika huku au linaishia Soni. Siku ya nne alitoa karata kwenye begi. Si karata hizi zetu. Kila moja ilikuwa na picha yake: joka, mifupa inayotembea, mtu anayewaka moto na wala hana wasiwasi. Mama yangu aliona moja tu, ya pepo mwenye pembe, akasema vitu hivyo havilali ndani ya nyumba yake. Vikahamishiwa banda la kuku. Kuku mmoja alipoacha kutaga wiki ile ile, upelelezi ulikuwa umeshakamilika.

Mchezo wenyewe unaitwa Magic: The Gathering. Aliubuni Mmarekani mmoja mtu wa hisabati, Richard Garfield, ukaanza kuuzwa mwaka 1993. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna kugawiwa. Kila mchezaji anajipangia pakiti yake nyumbani, karata 60 au zaidi, anakuja nayo kama kocha anavyokuja na timu. Kila mmoja huanza na uhai 20, na anayefika sifuri amekwisha. Wapo wanaopanga pakiti ya subira: wanaweka ardhi, wanazuia, wanajikusanya, wanakuja kumaliza kazi mwishoni kwa joka kubwa. Halafu wapo watu wa pakiti nyekundu. Hao hawana mwishoni. Wana karata ya radi ambayo bei yake ni ndogo kabisa, na kila ikipiga inang'oa uhai 3.

"Piga hesabu, mjomba," kijana akaniambia. "Radi saba."

Nikapiga. Ishirini na moja.

Kumbe radi ile ile hairuhusiwi kuzidi nne katika pakiti, lakini nyekundu ina ndugu na jamaa wengi wa kufanya kazi hiyo hiyo. "Mwenzako bado anaandaa shamba," akasema, "wewe umeshavuna na umeshaondoka." Hapo ndipo aliponishika. Mtu mwingine ningeweza kumbishia, lakini mtu anayenieleza habari za kuvuna kabla ya jirani ananigusa kwenye kidonda.

Akanisimulia kisa cha mtu anayeitwa Paul Sligh. Mwaka 1996, huko Atlanta, Sligh aliingia mashindanoni na pakiti iliyobuniwa na Jay Schneider, imejaa vijitu vya bei rahisi na moto, karata ambazo wachezaji wenye heshima zao walikuwa wanaziacha kwenye boksi. Akawachapa nazo watu wazima. Pakiti za aina ile zikaitwa kwa jina lake. Nilisikiliza kisa kile mdomo wazi, na sikuuliza swali hata moja, ingawa lilikuwepo moja la wazi kabisa la kuuliza.

Sasa, karata zetu hazipangwi nyumbani. Unapewa ulichopewa, kama mvua. Mchezo wa kijiweni ni albastini, ule ambao Zanzibar wanauita wahedi wa sitini, na jina hilo la Kiarabu limeshakwambia kila kitu: ukifika 61 umeshinda. Unachukua pakiti ya karata 52, unatoa za mbili, za nane, za tisa na za kumi, zinabaki 36. Ree ina 11. Seti, yaani saba, ina 10. Mzungu wa nne ana 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2. Jumla yake ni 120. Zilizobaki, kuanzia sita kushuka, ni magarasa, hazina hata senti. Kijiweni petu mnakaa wanne, wawili kwa wawili, mwenzako anakuwa mbele yako. Kila mtu anashika tatu mkononi, na kila mkono ukiisha mnaokota moja moja kwenye fungu. Ya chini kabisa ya fungu imefunuliwa, hiyo ndiyo turufu. Turufu ndogo inakula ree ya rangi nyingine. Hakuna kulazimishwa kufuata rangi. Ukitaka kupiga, piga.

Majina ya rangi zote nne, kopa, uru, shupaza, pau, na turufu yenyewe, ni ya Wareno, waliokaa pwani hii muda mrefu, wakajenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, wakatolewa humo na Waomani mwaka 1698. Ngome waliiacha, na karata wakaziacha. Ninachopenda ni jinsi tulivyowafanyia. Rei kwa Kireno ni mfalme. Sisi ree tukampa karata ya moja, na mfalme mwenyewe na taji lake na ndevu zake tukamwita mzungu wa nne, mtu wa pointi 4, anayeliwa na saba. Hata Kwai tuliwahi kuwa na wazungu wetu wa kuhesabika: mwaka 1896 Wajerumani walifungua hapa shamba la majaribio, wakaleta ng'ombe wa kwao na mazao ya kwao waone kipi kitaipenda baridi hii, na baada ya miaka michache wakamkodishia mlowezi. Mbogamboga zilikubali. Ndiyo maana leo ukisimama popote hapa unaona kabichi mpaka macho yanachoka, na ndiyo maana zawadi za mashindano yale zilipangwa na mtu asiyetutakia mema.

Zawadi ya kwanza ilikuwa beberu. Zawadi ya pili ilikuwa gunia la kabichi. Lumbesa, yenye kilemba juu. Kumpa mtu wa Kwai gunia la kabichi mwezi wa nane ni kama kumpa mtu wa Tanga ndoo ya maji ya bahari, tena umwambie abebe kwa uangalifu. Zote mbili zilitolewa na mwenye lori mmoja, na kiingilio hakikuwepo, ili imamu na mchungaji wote wawili wakose la kusema.

Basi nikawa najifua. Kila alfajiri, badala ya kwenda shambani, nilikuwa nyuma ya banda la kuku nikipiga karata kwenye ubao, kwa sababu nadharia yangu ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza: turufu ikitua mkononi isilale, itoke. Ya pili: itoke kwa kishindo. Mke wangu alipita mara moja na ndoo akasikia vile vishindo, akauliza naua panya wangapi.

Asubuhi ya Nane Nane ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba timu zilikuwa zinatambuana kwa kikohozi. Timu nane. Meza ilikuwa kreti la soda limewekewa ubao wa drafti, na pembeni jiko la mkaa la mama wa chai, kwa ajili ya vidole, maana karata na vidole vilivyokufa ganzi havipatani. Kamati ilikuwa imenunua pakiti mpya mjini. Hilo lilitusumbua wengi. Pakiti ya kijiwe tumeizoea. Nne yake ya shupaza ilipotea zamani, mahali pake pana kipande cha boksi la sabuni, na mtu akiishika hata aliye barabarani anajua. Hizi mpya zilikuwa laini, zinateleza kama kambale.

Mechi ya kwanza tulikutana na vijana wawili ambao kila mmoja alikuwa na simu kwenye paja. Sikuwapa nafasi. Turufu ya kwanza niliipiga nikiwa nimesimama. Mmoja alishtuka simu ikadondoka. Hadi anaiokota na kuipuliza vumbi tulikuwa tumeshakula ree zao mbili. Tuliwamaliza kwa 80 na ushee. Shemeji, ambaye siku zote hunilaumu kwamba nacheza kama mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne, alinitazama kwa macho mapya.

"Shemeji," akasema, "hii homa isitibiwe."

Mechi ya pili ndiyo yenye kesi. Nilikuwa na mzungu wa pili wa uru, na uru ndiyo turufu. Mezani kuna seti ya pau imelala peke yake inasubiri mwenyewe. Nikainua mkono, nikamshusha mzungu wangu kwa nguvu zangu zote za kilimo. Pakiti mpya, nimeshasema, inateleza. Mzungu aligonga ubao, akaruka, akapita juu ya bega la mpinzani, akaingia kwenye jiko la mkaa kichwa kwanza. Hakukaa sana. Mama wa chai alisema, "Jamani, nani kachoma mtu?"

Kamati ilikaa dakika ishirini. Hoja ya wapinzani ilikuwa kwamba karata iliyoungua haijachezwa. Hoja yangu ilikuwa kwamba imechezwa, imeonekana, na imekufa ikiwa kazini. Hatimaye mkono ule tukapewa sisi, na mzungu wa pili wa uru akatengenezewa mbadala kwa kipande cha pakiti ya majani ya chai. Tangu hapo kila aliyemshika alijulikana, na mimi nilimshika mara tatu mfululizo. Tulishinda kwa pointi chache na kelele nyingi.

Fainali. Mbele yetu wakakaa mzee mmoja dereva mstaafu, aliyeshusha malori ya mboga Mombo kwa muda mrefu kuliko umri wa shemeji yangu, na mwenzake akawa mama wa chai mwenyewe, ambaye sikujua hata kama alikuwa mashindanoni. Alicheza mechi zote huku akimimina.

Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba kwa utulivu wa mtu anayeitikia akiwa kitandani kwake. Mzee yule hachezi karata. Anapiga hadithi, na karata zinamtoka katikati ya sentensi. Akaanza na Mbegha. Kila Msambaa anaijua: mwindaji aliyetoka Ungulu na mbwa wake, akaja milimani akiua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakaishia kumfanya mfalme pale Vugha.

"Mikuki alikuwa nayo," mzee akasema akiokota karata yake taratibu. "Lakini ufalme aliupata kwa nyama. Zamu yako, mwanangu."

Mchezo wa kwanza tulichukua sisi. Nilipiga, nikapiga, karata zikawa zinanipenda, na nusu ya kijiji wakawa upande wangu kwa sababu ya sauti. Mzee alikuwa bado yuko na Mbegha na nguruwe.

Mchezo wa pili ulimalizwa na moshi. Sisi tuna ishara zetu, kama kila jozi ya watu duniani, na wanaosema hawana ndio wenye nyingi. Jicho la kushoto likifumba, maana yake nina ree ya turufu, nipakie. Upepo ukageuka, moshi wa jiko ukanivaa, nikafumba jicho la kushoto, nikalifumba tena, nikalisugua, likafumba lenyewe. Mkononi nilikuwa na magarasa matatu. Shemeji wa watu, mtiifu, akaniwekea seti ya shupaza mezani. Mkono uliofuata akaniwekea mzungu wa nne. Nilijaribu kumwambia kwa jicho la kulia kwamba jicho la kushoto linadanganya, lakini hilo hatukuwahi kulitungia ishara. Aliponipakia ree ya pau nikashindwa kuvumilia.

"Ni moshi!" nikasema.

"Marufuku kusema," kamati ikasema.

Mama wa chai alikusanya vyote vile bila haraka, akaniuliza, "Baba, nikuongezee sukari?"

Sare, mchezo mmoja kwa mmoja. Mchezo wa tatu, turufu ikawa kopa. Nikafunua karata zangu tatu: ree ya kopa, mzungu wa tatu wa kopa, na tano ya uru. Mtu anaweza kucheza kijiweni miaka miwili asianze na mkono kama ule. Mimi wa zamani, yule wa breki, angeificha ree ile mpaka mwisho kabisa, akae nayo kama hati ya shamba. Angeisubiria seti ya kopa popote ilipo, aile, zile pointi kumi zije nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Mzee akaanza na sita ya pau. Garasa. Karata ya kumpimia mtu akili.

Nikasikia sauti ya mpwa wangu. Radi saba, mjomba. Nikasimama nikaipiga ree ya kopa juu ya lile garasa, kreti likalia, chai ikamwagika, watu wakapiga mayowe. Mama wa chai akatoa tatu ya uru. Shemeji, akitaka kusaidia, akaweka mzungu wa pili wa shupaza. Nikazoa: kumi na moja zilizokuwa zangu tangu mwanzo, na mbili za shemeji yangu. Kwa adui sikuchukua kitu.

Mzee aliitazama ree ile ikienda kwangu kama mtu anayeangalia gari likimpita kwenye kona za Soni. Baadaye nilielezwa kwamba alisema kwa sauti ya chini, "Huyu kashuka na gia kubwa." Wakati ule mimi nilikuwa napokea pongezi.

Tuliendelea kupiga. Mzungu wa tatu wa kopa alitoka mkono uliofuata, akaua mzungu wa nne wa pau, na hiyo angalau ilikuwa biashara. Fungu likaisha. Hesabu zikawa zinasemwa kwa sauti na watazamaji: sisi 59, wao 37, na zimebaki karata nne tu duniani, moja kwa kila mtu. Tulihitaji pointi mbili. Mimi ndiye naanza, na mkononi nina ree ya uru. Shemeji aliona uso wangu akaanza kumtazama beberu, aliyekuwa amefungwa kwenye mparachichi, anatafuna kamba.

Jambo moja sikulifanya mchezo mzima. Sikuhesabu turufu. Anayeshambulia, nilifundishwa, hahesabu za mwenzake.

Nikaweka ree ya uru. Mama wa chai akaweka garasa. Shemeji akaweka mzungu wa tatu wa shupaza kwa mbwembwe, akaanza kuinuka. Mzee alikuwa amefika pale Mbegha anapopewa mke. Akasita, akanywa chai kidogo, akaweka kikombe chini, na karibu na kikombe akaweka seti ya kopa. Hakuipiga, aliiweka kama mtu anavyoweka mtoto aliyelala.

Kumi na moja, na tatu, na kumi. Ishirini na nne. Thelathini na saba na ishirini na nne unaweza kujumlisha mwenyewe. Mimi nilijumlisha mara nne, na kila mara ilikuja wahedi wa sitini.

Beberu aliondoka na mama wa chai. Nasikia mzee alitaka mguu tu.

Jioni ile nilimpigia mpwa wangu simu Dar. Nikamweleza yote, mpaka moshi. Halafu nikauliza lile swali.

"Yule Sligh wa Atlanta. Alishinda?"

Kimya kidogo.

"Alikuwa wa pili, mjomba."

"Naye alipewa kabichi?"

Hakujua.

Gunia lilikuja nyumbani kwa pikipiki ya shemeji, limefungwa nyuma, mimi nikilifuata kwa miguu nikilishikilia lisianguke, kijiji kizima kikiniuliza nimeenda kununua wapi. Tulipolishusha kwenye mwanga wa taa nikaona mshono wa kilemba. Kamba ya bluu, mishono mipana, na mahali nilipokosea nikarudia. Najua mikono mitatu tu inayoshona vibaya namna ile, na miwili mingine ni ya marehemu baba yangu.

"Hizi kabichi ni zetu," nikasema.

"Ni zetu," mke wangu akasema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, wala hakugeuka. "Kamati walikuja asubuhi wanatafuta gunia. Wewe ulikuwa nyuma ya banda unaua panya. Nikawauzia."

"Bei gani?"

Akaitaja. Ilikuwa juu ya ile niliyoikataa kwa mwenye lori wiki mbili nyuma.

"Na hela?"

"Ninayo." Akasogeza gunia karibu, akakata kamba yangu ya bluu kwa kisu, akaanza kuambua majani ya nje yaliyochubuka njiani, moja moja, akiyatupia mbuzi wetu wa kike ambaye siku hiyo karibu apate mwenzake. "Kesho alfajiri lori linapakia Lukozi. Shemeji yako ameshasema atanipeleka."

Nikamwambia tusiwe na haraka. Jumatatu bei inaweza ikapanda.

Akanipa taa niishike, akaendelea kuambua.